Kukosana na Kupatana: Itikio la Kwanza la Mtu Penye Ugomvi

Mwalimu awakutapo wanafunzi wawili waliokosana hutaka kujua mambo mawili: nani aliyeanza, na nani mwenye haki. Ni maswali mema, lakini humchelewesha kuona jambo la tatu lililo mbele ya macho yake, yaani kwamba kila mmoja wao amekwisha kuujibu ugomvi ule kabla hajafikiri neno. Mmoja amevimba na sauti imempanda. Wa pili ameinamisha kichwa wala hasemi. Wa kwanza huitwa mkorofi, wa pili huitwa mkaidi, na pengine wote wawili huadhibiwa kwa jambo wasilolichagua. Katika kurasa hizi twataka kulieleza itikio hilo la kwanza, jinsi Kiswahili kilivyolipa majina, na jinsi desturi za pwani na za bara zilivyolitengenezea njia ya kupitia. Twawaandikia hasa walimu na wachungaji, kwa kuwa wao ndio waitwao kila siku kuamua, na wakimsoma vibaya mtu aliyekosana na mwenziwe huweza kuugeuza ugomvi wa siku moja ukawa wa miaka.

Tuanze na maneno. Kitenzi kijulikanacho na wote ni kugombana, kilichotoka katika kugomba, yaani kukaripia kwa sauti. Ukigomba nawe ukagombwa, mmegombana. Kwa hiyo kugombana hakuna budi kuwe na kelele. Kuteta nako kwataka maneno, na ni ajabu kidogo kwamba katika neno hilo hilo tumepata kutetea, ambako ni kumsemea mtu kwa wema. Lakini liko neno jingine, kukosana, lisilohitaji sauti hata kidogo. Mwindaji hukosa shabaha, msafiri hukosa chombo, maskini hukosa chakula, mwenye dhambi hukosa mbele za Mungu. Na watu wawili hukosana. Ndani ya neno hilo mna kosa, tena mna kupitana, kama watu wawili waliotafutana sokoni wasionane. Kinyume chake ni kupatana: kila mmoja amempata mwenziwe. Na neno hilo ndilo litumikalo dukani, maana muuzaji na mnunuzi hupatana bei. Hatudai kwamba kila asemaye maneno haya huwaza asili yake. Watu hawasemi kwa kamusi. Walakini afundishaye kwa lugha hii ni vema ajue kwamba imezitenga kelele na mwachano zikawa vitu viwili, na kwamba ugomvi uliomchoma mtu zaidi mara nyingi ni ule usiosikika na jirani.

Sasa tutazame mwili, kwa kuwa itikio la kwanza huanzia humo. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akichunguza tumbo la paka kwa mionzi ipenyayo mwili, apate kuona chakula kinavyosagwa. Akagundua kwamba paka akiogopa au akikasirika, mwendo wa tumbo husimama mara moja. Baadaye yeye na wenzake waliona kwamba paka aliyebwekewa na mbwa huwa na dawa fulani katika damu yake, itolewayo na tezi mbili ndogo zikaazo juu ya figo, nayo huitwa adrenalini. Dawa hiyo huuharakisha moyo, hupeleka damu kwenye misuli, hutoa sukari katika ini, na kulizuia tumbo lisifanye kazi yake. Cannon alikitoa kitabu chake juu ya mambo hayo mwaka 1915, na hoja yake kubwa yajulikana hata leo: mwili wenye hasira na mwili wenye woga hutengenezwa namna moja, tayari kupigana au tayari kukimbia, na mwenyewe hajaulizwa.

Waliomfuata wameongeza mawili. La kwanza ni kwamba kabla ya kupigana au kukimbia kuna kuganda. Mwaka 2010 Karin Roelofs na wenzake huko Uholanzi waliwasimamisha watu juu ya ubao upimao kuyumba kwa mwili, wakawaonyesha picha za nyuso za watu. Waonapo nyuso za hasira, waliyumba kidogo kuliko kawaida na mioyo yao ilipiga polepole. Na ikumbukwe kwamba hapakuwa na mtu wa hasira chumbani, ilikuwa picha tu. La pili ni la Shelley Taylor na wenzake wa California, walioandika mwaka 2000 kwamba kuna itikio jingine lililosahauliwa, hasa kwa wanawake: mtu akisongwa huwakusanya wadogo wake na kuwatafuta wenziwe. Mswahili hahitaji kusafiri hadi California kulijua hilo. Mwanamke aliyekosana na mumewe asubuhi, kabla ya jua la utosi amekwisha kuketi uani kwa somo yake.

Kiswahili kimeyajua haya yote kwa majina. Apandaye juu kwa ghafula amehamaki. Aliyeganda ameduwaa, au amepigwa na bumbuazi. Aliyejipunguza mwili mbele ya mkubwa amenywea. Na mwenye woga wa dhahiri husemwa ameufyata mkia, neno la dharau ambalo mwalimu asilitumie darasani. Lakini tajiri zaidi ni upande wa kujitenga, na hapo twataka kukaa kidogo.

Maneno yake makubwa ni matatu: kununa, kususa na kuzira. Kununa ni kwa uso. Midomo imetokeza, macho yameangalia pembeni, mtu yupo nanyi lakini hayupo. Kususa ni kwa tendo: mchezaji auacha mchezo katikati, mke aiacha nyumba, mjumbe auacha mkutano, kwa sababu ameudhiwa. Siku hizi magazeti yameliinua neno hili hata katika mambo ya dola, yakisema chama fulani kimesusia uchaguzi. Kuzira ni jamaa wa kususa, nako hutumika mara nyingi kwa chakula. Mtoto aliyeonewa na kaka zake huitwa kula, akasema hataki. Sinia limewekwa, wenziwe wanakula, naye amekaa nyuma ya mlango.

Wazungu wengi waliokuja kufundisha, na hata walimu wetu wenyewe waliozoea vyuo, humhukumu mtoto huyo kwa haraka. Husema ana kiburi. Aachwe, njaa itamfundisha. Sisi twaona wamekosea mara mbili. Kwanza, tukimkumbuka paka wa Cannon, twaweza kusema kwamba wakati ule wa kwanza mtoto hataki chakula kweli. Tumbo lake limesimama. Asemapo sitaki hasemi uongo. Lakini baada ya muda damu hutulia na njaa hurudi, na hapo ndipo lilipo fumbo lote la kuzira: mwili umekwisha kurudi, ila heshima haijarudi. Amekwisha kusema mbele ya watu kwamba hali. Akijirudisha mwenyewe ataonekana alikuwa akicheza. Anangoja aitwe. Wala hangoji aitwe na aliyemwudhi, maana huyo naye ana heshima yake. Angoja wa tatu.

Na nyumba iliyolelewa vema huyajua hayo pasipo kufundishwa. Mama hainuki, humtuma bibi au shangazi. Shangazi huenda nyuma ya mlango, hamwulizi habari ya ugomvi, humwambia tu, “Njoo mwanangu, njoo ule nami, mimi peke yangu siwezi.” Mtoto hukataa mara moja, hukataa mara ya pili kwa sauti ndogo, mara ya tatu huinuka. Amekwenda kumsaidia shangazi kula. Lugha ina neno lake kwa kazi hiyo, kubembeleza, na liko jingine la adabu zaidi kwa watu wazima, kurairai. Kwa hiyo twamshauri mwalimu ayatazame maneno haya kama jozi: pasipo mbembelezaji, kususa hakuna mwisho wake. Mwenye kususa ameuacha mlango wazi, akijificha nyuma yake. Ukiufunga kwa adhabu, umemfungia nje mtu aliyekuwa akingoja kuitwa ndani.

Pana ushahidi mwingine kwamba huyu aliyenyamaza hayuko baridi kama aonekanavyo. John Gottman, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwachunguza watu wa ndoa kwa miaka mingi, akiwapima mapigo ya moyo huku wakizungumza juu ya jambo waliokosania. Mara nyingi yule aliyejifunga kimya kama ukuta, na wengi wao walikuwa waume, ndiye aliyekuwa na moyo ukienda mbio. Na moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, asema Gottman, mtu hasikii tena aambiwalo wala hawezi kujibu kwa akili. Shauri lake ni kwamba waachane kwa dakika 20 au zaidi, kisha warudi. Shangazi wa nyuma ya mlango hana saa, lakini hungoja vilevile.

Basi mwalimu asimamapo mbele ya mwanafunzi aliyeinama na kumpigia kelele, “Nijibu! Kwa nini hunijibu?” hufanya kazi mbili zipinganazo. Huuongeza uso wa hasira ugandishao, kisha hudai jibu kwa kinywa kilichoganda. Tena mtoto wa pwani, na wa makabila mengi ya bara, amefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Kichwa chake kimeinamishwa na woga na malezi kwa pamoja. Kimya hicho si ukaidi, tena si ungamo. Twalisisitiza la pili, kwa kuwa kuna kimya kingine kiliochotambuliwa kuwa jibu: katika madhehebu ya Shafii yafuatwayo na Waislamu wa pwani, mwari aulizwapo habari ya ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini. Mtu aliyezoea kusikia hayo huenda akadhani kila kimya ni ndiyo. Tumesikia habari za watoto walioandikwa kuwa wezi kwa sababu tu hawakusema neno walipoulizwa mbele ya darasa zima.

Sasa tuwaangalie wale wasionyamaza kabisa, wala wasiosema wazi. Hao ni wenye mafumbo. Neno fumbo limetoka katika kufumba, kama mtu afumbavyo macho au mkono. Kilichofumbwa hufumbuliwa na mwenye akili. Mtu aliyeudhika husema neno lake hewani, jirani amesikia, na akiulizwa, “Wanisema mimi?” hujibu, “La, mimi naongea na kuku wangu.” Ni itikio la hasira lililovikwa nguo, na pwani limevikwa nguo kweli, kwa kuwa kanga huandikwa maneno upande wa chini, na maneno hayo huitwa jina la kanga. Mwanamke hununua kanga kwa jina lake, huivaa akapita mbele ya mlango wa yule anayemkusudia, na jambo limesemwa. Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya jambo hili mwaka 1997, akaonyesha kwamba nguvu ya kanga ni hiyo kwamba avaaye aweza kukana. Nguo imechapwa kiwandani. Yeye ameinunua tu. Siku hizi kazi ile ile hufanywa kwa simu, kwa maneno yabandikwayo mahali pa wote kuona ili mmoja tu ayaelewe.

Wageni huyaita mafumbo unafiki. Sisi hatukubali upesi hivyo. Fumbo humpa aliyelengwa nafasi ambayo tusi halimpi: aweza kujifanya hakuelewa, jambo likaisha, aweza kujibu kwa fumbo lake, mashindano yakawa ya akili, au aweza kujirekebisha pasipo mtu kujua kwamba aliambiwa. Hata miji imegombana hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa adui, washairi wao walipelekeana mashairi ya kuchokozana na kujibizana, na mkubwa wao upande wa Mombasa alikuwa Muyaka bin Haji. Mashairi yake mengi yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor, kisha William Hichens akayatoa Johannesburg mwaka 1940. Hatusemi mashairi yalizuia vita. Vita vilikuja, na Shela ni shahidi. Twasema tu kwamba maneno yalitangulia kwa muda mrefu, na aliyetaka kurudi nyuma alikuwa na nafasi.

Fumbo lina hatari yake, nayo ni kwamba laweza kukaa miaka bila kufumbuliwa, likaota mizizi. Ndipo pwani wakawa na dawa ya upande wa pili, kusuta. Mwanamke aliyesengenywa hukusanya wenziwe na mashahidi, wakaenda mpaka mlangoni kwa msengenyaji, akaulizwa mbele ya mtaa mzima: ulisema au hukusema? Ni jambo kali, na aibu yake hukaa. Wachungaji wengi hawalipendi, na sisi hatulisifu; mara nyingine wanaokwenda hutaka tamasha kuliko kweli. Lakini lichunguzeni vizuri, mtaona hata hapo mtu hakwenda peke yake. Hasira yake imechukuliwa na kundi, na kundi lina mashahidi wa kumzuia asiseme lisilokuwako.

Hapa twafika kwenye jambo tulilolikusudia hasa. Wataalamu wa siku hizi wapenda kuyagawanya maitikio ya ugomvi kwa jedwali. Lijulikanalo kuliko yote ni la Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, Wamarekani, la mwaka 1974, nalo lataja njia tano: kushindana, kukwepa, kukubali ya mwenzio, kugawana hasara, na kutafuta pamoja lifaalo pande zote. Hufundishwa katika vyuo na ofisi nyingi za Afrika Mashariki, na lina manufaa yake, maadamu mwanafunzi hadhani kwamba amezaliwa na njia moja. Watungaji wenyewe walisema kila njia ina mahali pake. Ila tukilipima kwa desturi tulizozieleza, twaliona limepungukiwa na mtu. Lahesabu wagombanao wawili tu. Kwa jedwali hilo aliyesusa amekwepa, basi. Hakuna shangazi ndani yake, hakuna jirani asikiaye fumbo, hakuna wazee. Kumbe katika nchi zetu itikio la kwanza la wengi, liwe kimya au fumbo au kukimbilia kwao, lina sehemu yake moja iliyoelekezwa kwa adui, na sehemu yake ya pili imeelekezwa kwa mtu wa tatu, kumwita.

Mke aendaye kwao ni mfano ulio wazi. Akiondoka usiku na bahasha yake ya nguo, amekimbia, kama Cannon alivyosema. Lakini hakukimbilia popote tu. Amekwenda mahali ambapo mume lazima amfuate, tena hawezi kumfuata peke yake. Huja na mzee mmoja au wawili, hukaribishwa, hukalishwa, habari huzungukwa mpaka ifikiwe. Kurani yenyewe yaagiza, penye hofu ya mume na mke kuachana, atolewe mwamuzi mmoja kwa jamaa za mume na mmoja kwa jamaa za mke. Tanzania nayo ilipotunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, na isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, mtu hawezi kuomba talaka mahakamani kabla jambo lake halijapita katika baraza.

Na huko bara pana wa tatu wa ajabu zaidi, mtani. Makabila kadhaa yaliyopigana zamani, kama Wangoni na Wahehe waliopigana vikali katika karne ya 19, yamekuwa watani. Mtani aweza kukutukana mbele ya wageni, akachukua kuku wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na msibani ndiye afanyaye kazi nzito, tena ndiye awachekeshaye wafiwa. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa Amani katika milima ya Usambara, aliacha ndege zake kwa kitambo akakusanya habari za utani wa Tanganyika, akazitoa mwaka 1944. Miaka minne kabla yake A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika kwamba mizaha ya namna hii hupatikana mahali ambapo watu wameunganishwa na kutengwa kwa wakati mmoja. Maneno yake ni mazuri, lakini mwalimu wa bara atalielewa jambo haraka zaidi kwa kuona: mahali ambapo watu wangeitikia kwa hasira, desturi imekwisha kuwapa kicheko mapema, na asiyecheka ndiye mwenye aibu. Mtani akisema, “Nyinyi wawili mwagombania nini, mbona sura zenu mbaya zalingana?” wagombanao wameshindwa. Neno hilo hilo akilisema mwalimu asiye mtani, ni tusi.

Wasomaji wetu watauliza: je, si imeandikwa katika Mathayo kwamba ndugu akikukosea uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, na wengine waje baadaye? Imeandikwa, na twaiona kuwa ni tofauti ya kweli isiyofaa kufichwa. Desturi hutanguliza wa tatu. Agizo lile humweka wa tatu nyuma. Lakini tumewaona walimu walioligeuza agizo kuwa desturi yao wenyewe: wagombanao wameletwa ofisini saa ile ile, moyo ungali wapiga mbio, wakaamriwa kutazamana na kupeana mikono. Hao hawakwenda peke yao, walipelekwa. Mikono imepeanwa na kununa kumebaki. Tena katika Mwanzo, Yakobo alipomwogopa Esau hakumwendea mikono mitupu usoni. Aliwatanguliza watumishi na makundi ya wanyama, kundi baada ya kundi, ndipo yeye mwenyewe akaja. Padre mmoja wa zamani aweza kumtuma katekista ajue kama mlango u wazi, kisha mkosewa akaenda mwenyewe. Hatuoni kwamba hapo agizo limevunjwa.

Wala tusiipambe desturi kupita kiasi. Wa tatu aweza kupendelea, na mara nyingi hupendelea mwenye mali. Mwanamke aliyepigwa huambiwa avumilie, na uvumilivu husifiwa hadi ukawa kamba ya kumfunga. Susan Hirsch, aliyesikiliza mashauri katika mahakama za kadhi huko Mombasa na Malindi na kutoa kitabu mwaka 1998, aliona jambo la kufikirisha: wanawake wale waliotazamiwa kunyamaza nyumbani walisimama mbele ya kadhi wakaeleza habari zao kwa urefu na kwa ufasaha, na wengi wakapata walichokitaka. Walihitaji mahali pa kusemea. Lugha nayo inatusaidia hapa. Kuamua ni kutoa hukumu, lakini kabla ya hapo kuamua ni kuwatenganisha wapiganao, kushika mkono ulioinuliwa. Penye mwenye nguvu na mnyonge, maana hiyo ndiyo hutangulia. Huwezi kumtuma shangazi na maneno matamu wakati fimbo ingali hewani. Sheria ile ya 1971 yenyewe yakataza mume au mke kumpiga mwenziwe.

Kimya cha kununa kinavyoweza kurefuka, watu wa dini wa pwani wamekijua tangu zamani. Waislamu wana hadithi ya Mtume ikatazayo mtu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na yule aanzaye salamu ndiye bora wao. Tazameni jinsi ilivyo na huruma kwa mwili: siku ya kwanza haikukatazwa, wala ya pili. Na mlango wa kurudia ni mdogo kuliko yote, salamu tu. Ndiyo sababu Mswahili ahesabu kukosana kwa salamu: wamegombana lakini wasalimiana, ni jambo dogo, hawasalimiani, ni jambo la wazee. Kijana aliyekosana na mzee yuko katika hali ya pekee, kwa kuwa shikamoo ni deni hata kwa usiyempenda. Wako vijana waliopatana na baba zao wadogo kwa njia hiyo pasipo mtu kusema samahani: shikamoo ya siku ya kwanza iliitikiwa kwa mguno, ya siku ya nne iliitikiwa marahaba, ya siku ya kumi iliongezewa, “Mama hajambo?”

Katika kuomba kusamehewa, neno la kale la pwani ni niwie radhi, ambalo maana yake ni kwamba mtu aombwa awe radhi, moyo wake utulie. Halimlazimu mwombaji kueleza kosa lake tena. Desturi yake kubwa yaonekana kwa aendaye Hijja. Siku za mwisho kabla ya safari huzunguka kwa jamaa na majirani, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa yote aliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua, na katika nyumba hizo imo na ile ambayo hajaipigia hodi kwa miaka.